Ndege Asiyetulia, na Mzee Kioko Aliyetaka Atulie

Siku Mwalimu Grace alipokuja kuagiza ndege wa kuchongwa, karakanani tulikuwepo hawa, na nawataja wote ili kesho mtu asije akasema alikuwepo na mimi simkumbuki. Alikuwepo Mzee Kioko, mchongaji aliyekalia kiti cha mlangoni. Alikuwepo Mutua, mkaguzi wa kazi, ambaye amemwoa Ndunge, binti wa Mzee Kioko, kwa hiyo Mzee ni mkwe wake. Ndunge mwenyewe alikuwepo, na birika lake la chai na beseni la mandazi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitulisha. Alikuwepo Akoth wa Kware, mwenzangu wa msasa, anayekaa ghorofa ya juu kabisa na kila asubuhi hufika akiwa bado analaumu zile ngazi. Na mimi, Mama Njeri wa Mbotela, ambaye nyinyi vijana mmeshanipa jina la Shosho, yaani nyanya, hata wale ambao nywele zao zimeanza kufanana na zangu.

Nimestaafu juzi. Mlinipa leso, mkanipa keki, mkaniambia niandike mambo ya kazi yasipotee. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo herufi zangu zikipanda mlima na kushuka, zifuateni tu, zitafika. Ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini nitayaacha. Kwetu cheo kilikuwa kimoja, cha mtu aliyekaa karibu na mlango, na hicho nitakieleza.

Kazi ya msasa alinifundisha Mama Syombua, Mungu amlaze pema. Siku ya kwanza alinipa rundo la vijiko na vipande vitatu vya msasa, mkali, wa kati na laini, akaenda zake. Nilisugua mpaka vidole vikapata joto, nikampelekea kijiko nikijiona fundi. Hakukiangalia. Alikipitisha shavuni mwake, akanirudishia. Akaniambia mkono huzoea ukwaruzo na kuanza kudanganya, lakini shavu halijui kudanganya. Tangu siku ile nimewekea shavu viboko, nungu, simba na bakuli za saladi, na mume wangu marehemu alikuwa akisema wale viboko wanabusiwa kuliko yeye. Jifungeni leso puani. Nyinyi mnaona ni ushamba, lakini vumbi la jakaranda ukilivuta wiki nzima, Jumapili kanisani utakohoa mpaka mchungaji adhani unampinga.

Sasa mambo ya mlango. Karakana yetu, nyuma ya Barabara ya Jogoo, ina mlango mmoja mpana na mwanga mzuri uko hapo. Hapo hukaa mchongaji bora. Ndani zaidi, karibu na ukuta, ndiko wanakochonga vijiko, wanaoanza na wanaomaliza. Sheria waliiweka wazee wenyewe, Mzee Kioko akiwa mmoja wao: aliye mlangoni, kazi yake ikirudishwa mara tatu kwa mwaka, anabeba kiti chake mwenyewe anahamia vijikoni. Na wa kurudisha ni mkaguzi. Anashika kazi, anaigeuza, anaigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole asikie kama ina ufa, halafu anasema neno moja tu, iende au irudi.

Mwaka ule Mzee Kioko alikuwa ameshafikisha mbili. Vifaru, wote wawili. Mmoja pembe ilielekea upande kama inasikiliza umbea wa jirani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na sisi sote tulijifanya kwamba ni baridi, hata mwezi wa pili, ambapo bati la karakana lingeweza kukaanga yai.

Ila hata yale marudio mawili hakuambiwa na mkaguzi. Hapo ndipo penyewe. Wakamba wana heshima ya wakwe, wanaiita nthoni, na katika jamaa ya Mzee Kioko ilikuwa imekolezwa. Mutua hakuweza kumwangalia baba mkwe wake usoni na kumkosoa. Akila mbele yake alikula kama anayeiba. Lakini ndiye mkaguzi. Kwa hiyo kila kazi ya Mzee ilipofika mezani, Mutua aligonga, akakohoa, akaja kwangu. "Shosho, mwambie Mzee." Nami nilitembea hatua zangu chache mpaka mlangoni nikiwa na kikombe cha chai, maana neno la kurudisha kazi halipelekwi mikono mitupu. Na ukweli ni kwamba maneno ya Mutua yalitoka kwake yakiwa tayari na sukari, nami nikaongeza yangu, na yalipofika kwa Mzee yalikuwa uji.

Basi Mwalimu Grace akaja. Anafundisha watoto wasioona. Kila mwaka huwapeleka msituni kwenye miteremko ya Nyandarua, wasikie maji, washike magome ya miti, wavute ile hewa. Na kila mwaka karibu na kijito fulani husikia ndege mmoja anaimba kwa sauti nyembamba ya haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye pete yenye funguo nyingi. Watoto humuuliza Mwalimu yuko vipi. Anawaambia ni mdogo, wa kijivu, ana kishungi kichwani. Wanamuuliza kishungi ni nini. Sasa alitaka wachongewe ndege huyo kwa ukubwa wake halisi, wa kushikwa na mikono mingi. Twiga na tembo wanao, alisema, ila watoto hawajawahi kumsikia twiga akiimba.

Alituonyesha picha kwenye simu. Mzee Kioko aliishika mbali, akaileta karibu, akairudisha mbali. "Nimemwona," alisema, na akampa simu yake.

Mimi nilimjua yule ndege kabla ya Mwalimu kumaliza sentensi. Nimezaliwa ukingoni mwa msitu ule ule, na tulipokwenda kuokota kuni alitufuata. Sisi watoto tulimwita Mpepeaji, kwa sababu kutwa anafungua mkia na kuufunga kama mama mnene kwenye harusi. Nilimwambia Mzee. Akaniambia mtu wa msasa haoni ndege, anaona vumbi.

Alichonga kwa siku kadhaa, na alichotoa alikuwa korongo. Mzee amechonga makorongo maisha yake yote, yale yenye taji, na mikono yake ikisikia neno kishungi inakwenda yenyewe. Kichwani palikuwa na miiba imesimama wima kama ufagio wa chelewa. Akoth alimgeuza mara moja, akauliza kama huyu ni ndege au ni kuku aliyeshikwa na stima. Mutua aligonga, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaniambia nimwambie Mzee kwamba kazi ni safi, isipokuwa labda, kwa kutazama tu, ndege wa Mwalimu angekuwa mfupi kidogo. Nilipofika mlangoni na chai nikasema Mutua anasifu kazi. Mzee akasema anajua.

Mwalimu aliporudi alifumba macho, akamshika ndege kwa vidole, polepole, kuanzia mdomo. Alisema kwa upole anahisi korongo. Mzee akafurahi, akamjibu kwamba hapo hajakosea, korongo ni wake tangu ujana. Yule mama akatuangalia mmoja mmoja, na nadhani ndipo alipoelewa yuko kati ya watu gani. Hakumrudisha yule ndege wala hakumchukua. Alisema Jumamosi atakuja na gari la shule, twende wote tukamwone mwenyewe.

Tulipandia Mbotela, mbele ya kanisa, sisi watatu na Mwalimu; Akoth na Ndunge walibaki karakanani. Mutua akakaa mbele na dereva, Mzee akakaa nyuma kabisa, na mimi nikawekwa katikati kama waya wa simu. Njia nzima hawakusemezana neno. Mzee alikuwa amevaa makoti mawili na bado, tulipoanza kupanda, aliniambia nimwambie Mutua amwambie dereva afunge dirisha. Nilimwambia Mutua. Mutua akamwambia dereva. Dereva akasema limefungwa. Habari hiyo ikarudi kwa njia ile ile.

Msituni tulipokewa na askari wa msitu, kijana mrefu anayeitwa Kiprono, mpole, viatu vimejaa matope. Akatutia njia ya kijito. Nilikuwa sijaingia msitu ule tangu nilipoolewa na ulikuwa na harufu ile ile, ya majani yaliyolala na maji. Tukasimama. Kiprono akasema tusimfuate, tungoje, atapita.

Na kweli walipita. Kwa maana Mpepeaji hatembei peke yake; yeye ni mtu wa kundi. Kwanza walikuja wale wadogo wa kijani wanaochokonoa majani juu, halafu wa kahawia wanaopanda mashina, kelele nyembamba pande zote, na chini yao, kwenye kivuli cha vichaka, yeye. Ukubwa wa shomoro aliyekonda. Mgongo rangi ya majivu ya jiko lililopoa, kichwa cheusi zaidi, tumbo jeupe, mkia mweusi wenye ncha nyeupe pembeni. Alishuka kwenye mmea unaotambaa, akaangusha mabawa, akafungua mkia, kushoto, kulia, akageuka mzima kama aliyesahau kitu, akafunga, akafungua. Kisha akaruka hewani, akanyakua kidudu, akarudi, akafungua mkia tena.

"Huyu anasumbuliwa na nini?" Mzee aliuliza.

Kiprono alimweleza ndivyo anavyokula. Wadudu wamejificha gizani chini ya majani. Akifungua ule weupe ghafla wanashtuka wanaruka, naye yuko tayari. Na wale ndege wengine wakitikisa matawi, wadudu wanaokimbia kutoka kwao anawadaka. Hilo nami nililijua toka utotoni, kwamba tukivuta kuni kavu na nondo wakatoka, alikuja mpaka karibu na miguu yetu. Hakuwa anatupenda. Tulikuwa wafanyakazi wake. Kiprono aliongeza kwamba ndege huyu hapendi mwanga, hashuki mashambani kwenye chai na kahawa, na msitu ukikatwa hahamii kwingine kama kunguru. Kwa hiyo nyinyi wa mitaa ya Mbotela na Fedha msihangaike kumwekea mtama dirishani. Hatakuja, na mtama wenyewe hali.

Mzee Kioko alikuwa amekasirika. Twiga husimama, aliniambia. Simba hulala. Hata korongo, mwenye majivuno yote yale, anasimama mguu mmoja umtazame mpaka ushibe. Lakini huyu, kila ukimshika kwa jicho ameshatoka. Nilimwambia ana umri wa kutosha kujua kwamba si kila mtu anayetaka kuchongwa. Akatoa njugu alizonunua njiani, akala, na hakunipa.

Ndipo Kiprono akatuuliza kama tungependa kumwona akiwa ametulia, kwani kuna mahali pamoja tu duniani ambapo hutulia. Akatupeleka polepole kwenye kona ya kijito, akachora mstari kwa kisigino na kusema tusiuvuke. Mbele yetu kulikuwa na mche mwembamba umeinamia maji, na kwenye panda yake, kimo cha kifua changu, kulikuwa na kiota. Kama hukuambiwa ungedhani ni fundo la ukoga, ule ujani laini unaoota kwenye mawe mabichi. Kikombe kidogo cha ukoga wa kijani, kimebandikwa yale magamba ya kijivu yanayoota magomeni, na kufungwa chote kwa utando wa buibui. Utando huo nimewaona wakiubeba nikiwa mtoto. Ndege anautia uso, anauzungusha mdomoni, anakwenda akiwa na ndevu nyeupe, kisha anazipitisha huku na huku kama mtu anayefunga mzigo kwenye kerieri ya baiskeli.

Ndani yake alikuwa ameketi. Hata jicho halikupepesa. Kile kishungi kilikuwa kimelala nyuma, manyoya laini yanayoteremka kisogoni, si miiba hata kidogo. Kinasimama akiudhika, Kiprono alisema, na akiwa na amani kinalala. Na kwa kuwa kiota ni kidogo kuliko mwenyewe, mkia ulitoka nje ukaegemea ukingo. Baada ya muda alikuja mwenzake, mume au mke sijui, wanafanana kama sare. Yule aliyeketi akaondoka na huyu akaingia, na kwa nafasi ile tukaona mayai, mawili, madogo kama vidonge vikubwa. Wote wawili hulalia. Nilimwangalia Mutua, ambaye hajawahi kubeba mtoto mgongoni, lakini nilinyamaza kwa heshima ya msitu.

Hapo Mutua akaanza kazi yake. Tulikuwa tumesimama watatu begani kwa bega, mimi katikati.

"Shosho, mwambie Mzee atazame kishungi. Kinalala."

"Mwambie Mutua nina macho."

"Mwambie Mzee sijasema hana. Nasema yule wa kwanza alikuwa na misumari."

"Mwambie Mutua kwamba mkia nao ukichongwa umefunguka, nyuzi za mti pembeni zitakuwa fupi. Mtoto wa kwanza akiushika, unavunjika. Amwulize Mwalimu anataka ndege au vijiti."

Mutua akautazama ule mkia. "Basi mwambie Mzee amchonge akiwa amelalia. Mkia ukiegemea ukingo wa kiota hauwezi kuvunjika. Kipande kimoja cha mti."

Yule wa kiotani alitutazama sote.

"Mwambie Mutua hilo nilikuwa nimeshaliwaza," Mzee akasema.

Kiprono alininong'oneza akauliza kama hawa wamekosana. Nikamwambia hapana, wanaheshimiana.

Nimeona wachongaji wengi, lakini ile wiki iliyofuata sitaisahau. Mzee alichagua jakaranda iliyokauka vizuri, nyepesi, isiyo na fundo. Alitoa umbo kwa tezo, lile shoka dogo lenye makali ya kulala, halafu akaiweka tezo chini na kushika kisu. Kiwiko alikibana kwenye mbavu ili mkono usicheze. Akikata mara moja alipumzika, akapumua, akakata tena. Hatukumsemesha. Tulijua, naye alijua kwamba tunajua, kuwa ndege huyu akirudishwa ni mara ya tatu, na kile kiti cha mlangoni alichokalia tangu Ndunge akiwa mtoto wa kubebwa kitaingia ndani kwenye vijiko. Polepole ndege akatoka kwenye mti. Kichwa kidogo, kishungi kimelala, mkia umeegemea. Na kiota alikidonoa kwa ncha ya kisu, doa kwa doa, mpaka mti ukawa na ukwaruzo wa ukoga wenyewe. Ukikigusa, mkono unadhani umeloa.

Alipomaliza alimweka kwenye meza ya msasa, tulainishe mgongo na mdomo tu. Kwa kawaida maneno ya hivyo hunipa mimi. Siku ile mimi nilikuwa kliniki na goti langu. Alikuwepo Akoth peke yake, na Mutua amekaa hatua mbili akiandika. Mzee hakumwambia Akoth, kwa sababu tangu lile neno la kuku na stima alikuwa hamsemeshi. Hakumwambia Mutua, mnajua kwa nini. Mutua alimwona ndege pale, akajua kabisa kwamba kiota hakipigwi msasa, lakini hakuweza kuuliza kazi ya mkwe wake iko vipi kabla haijaletwa mbele yake. Basi akainamia karatasi zake. Na Akoth, ambaye ni fundi hodari kuliko mimi, hilo nalisema mbele ya watu, alifanya kile ambacho Mama Syombua alitufundisha sote. Alichukua msasa mkali, akachukua wa kati, akachukua laini.

Nilipofika mchana ndege alikuwa mezani. Akoth akaniambia kwa furaha nipime na shavu. Nikapima. Kile kiota kilikuwa laini kama sahani ya harusi.

"Akoth," nilimwambia, "umemkalisha kwenye kikombe cha chai."

Alinielewa pale pale, masikini, na akakaa chini kwenye vumbi. Alisema hakuna aliyemwambia. Na ni kweli, hakuna. Watu watatu wa karakana moja, wote tukijua kitu kimoja, na hakuna aliyemwambia wa nne.

Mwalimu alikuwa aje mchana ule ule. Mzee Kioko alikuja mezani, akatazama, akarudi kwenye kiti chake mlangoni, akakaa mikono katikati ya magoti. Ndunge alikuwa anamimina chai. Mutua akainuka. Akamshika ndege, akamgeuza, akamgonga mara mbili. Sauti ilikuwa safi. Angesema iende, watoto wangejifunza kwamba ndege hutaga kwenye kikombe, na Mzee angebaki mlangoni. Angesema irudi, ilikuwa mara ya tatu. Akakohoa. Akanitazama mimi.

Nami, vijana, nilikuwa nimechoka kuwa simu. Goti liliniuma. Nikachukua mandazi, nikajaza mdomo.

Mutua alingoja nimeze. Sikumeza. Akatazama dari, akatazama mlango.

"Baba," alisema. Ndunge aliweka birika chini. "Irudi."

Nje mtu alikuwa anagonga bati.

"Ndege mwenyewe sijagonga mzuri kama huyu," Mutua akaendelea, na sauti ilikuwa inamtoka kama mtu anayevuta mwiba. "Lakini kiota kimekufa. Kichonge tena."

Mzee akauliza, akimtazama yeye, si mimi, "Na mkono?"

"Unatetemeka, Baba. Tangu wale vifaru."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia Shosho."

Wote wakageuka kunitazama, nami mandazi ndiyo kwanza yanashuka. Mzee akasema kumbe, mwaka wote huu alidhani ni msasa wangu unaopindisha pembe. Nilitaka kumjibu lakini nilikuwa napaliwa.

"Njoo ushike," Mzee akamwambia Mutua.

Mutua akavuta kigoda, akakaa mbele ya baba mkwe wake, magoti yao yakagusana, jambo ambalo Ndunge aliniambia baadaye hakulitegemea kuliona mpaka afe. Akamshika ndege kwa mikono miwili. Mzee akashika kisu. Mkono ulipotetemeka, Mutua alimsogeza ndege kidogo kuufuata, na kisu kikadonoa pale kilipotakiwa. Mti ulikuwa umepungua kwa ule msasa, kwa hiyo walikwenda taratibu, Mzee akisema "huku", Mutua akisema "si hapo, patatoboka", Mzee akisema "najua", na mara moja, kweli kabisa, akisema "umeona vizuri". Akoth alisimama nyuma yao ameshika mdomo.

Mwalimu Grace alifika wakiwa bado wanadonoa. Ndunge akampa chai, akakaa akangoja kama tulivyongoja kule msituni, bila kumfuata mtu. Walipompa ndege alifumba macho. Vidole vilianza mdomoni, vikapanda kichwani, vikateremka na kishungi mpaka kisogoni, vikafuata mgongo, mkia, vikakuta ukingo, vikasimama. Vilikaa pale kwenye ukoga kwa muda mrefu.

"Amelala?" aliuliza.

"Amelalia," Mzee akajibu.

Akamfunga kwenye leso, akaondoka naye.

Sasa Jumatatu. Tulifika tukidhani mambo yamekwisha, kwa sababu kazi ilienda, na mwenye kazi alifurahi. Tukamkuta Mzee Kioko amesimama, ameshika kiti chake upande mmoja. Alisema irudi ilisemwa, na ilikuwa ya tatu, na sheria aliiweka yeye. Mutua alikataa. Alisema kosa lilikuwa la msasa, na msasa haumo katika sheria, na kwamba yeye kama mkaguzi anaweza kufuta neno lake, na aliongea, aliongea, nilikuwa sijui kwamba yule mtu ana maneno mengi hivyo.

"Ijumaa ndiyo umeanza kusema," Mzee akamwambia, "na leo hunyamazi. Shika upande ule."

Mutua akashika upande ule. Wakabeba kiti pamoja mpaka ndani, karibu na ukuta. Mzee akakaa, akachukua kipande cha mti, akaanza kijiko. Wengine tulijipangusa macho, tukasingizia vumbi.

Msimhurumie sana. Vijiko vyake Mutua anavigonga kila jioni na nusu anavirudisha, kwa sauti, uso kwa uso, na Mzee anabisha, na ule ubishi unasikika mpaka barabarani. Ndunge analalamika kwamba nyumbani siku hizi hapakaliki. Alikuwa amezoea wakiwa na heshima. Akoth kila kazi inayofika mezani anauliza kwanza, mpaka na vijiko. Na mimi nilipoteza kazi yangu ya kupeleka maneno, ambayo nadhani ndiyo niliyoifanya vizuri kuliko msasa.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Labda mayai yalikuwa mawili, labda nililiona moja na kivuli chake. Labda Mzee alisema "shika upande ule", labda "shika huko". Akoth anashikilia kwamba hakusema kitu, aliashiria kwa kidevu. Jina la dereva ni Wafula, nilisahau kuliweka mahali pake. Na kama kuna nilipomsingizia mtu au kumpunguzia, anisahihishe. Nipo Mbotela, nyumba ya pembeni yenye geti la bluu. Lakini tafadhali, msinitumie mtu. Njooni mniambie wenyewe.